Mche Duara: Istilahi za Kiswahili na Ukokotoaji wa Ujazo

Utangulizi

Katika shule nyingi za Kenya mtoto hukutana na umbo moja mara mbili, na kila mara hupewa jina jingine. Katika kipindi cha Kiswahili huonyeshwa mchoro na kuambiwa kwamba umbo lile huitwa mche duara. Hutakiwa kulihifadhi jina hilo pamoja na majina mengine ya maumbo, kama vile tufe, pia, mchemraba na mstatili. Katika kipindi cha hisabati, ambacho hufundishwa kwa Kiingereza, huonyeshwa mchoro ule ule kwa jina la Kiingereza, na hapo hutakiwa kukokotoa ujazo wake. Kwa hiyo upande mmoja mtoto ana jina lisilo na kazi, na upande wa pili ana kazi ambayo majina yake hayamwambii kitu. Ni nadra mambo haya mawili kukutanishwa.

Hali hii ina historia yake. Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi kufuatia siasa ya elimu ya kujitegemea iliyotangazwa mwaka 1967. Kwa sababu hiyo ililazimu kuwapo vitabu vya hisabati vyenye istilahi za Kiswahili, na istilahi hizo zikazoeleka zikiwa kazini, yaani katika kuhesabu. Kenya ilifuata njia nyingine. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo la shule itumike katika madarasa matatu ya mwanzo, na baada ya hapo Kiingereza kishike nafasi. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye kutahiniwa, lakini hisabati ilibaki katika Kiingereza. Msamiati wa maumbo ukamfikia mwanafunzi wa Kenya kwa njia ya somo la lugha wala si kwa njia ya somo la hesabu. Shule za sekondari msingi zilifunguliwa mwaka 2023, lakini mgawanyiko huo haukuondoka.

Makala haya yanakusudia kuzichunguza istilahi chache zinazohusika katika kukokotoa ujazo wa mche duara. Hoja kuu ni kwamba istilahi hizo si vibandiko vilivyobandikwa juu ya dhana za kigeni. Baadhi yake zimebeba hoja ya kihisabati ndani ya maumbile yake zenyewe, na mwalimu akiifumbua hoja hiyo mwanafunzi huielewa kanuni badala ya kuikariri. Baadhi nyingine humpotosha mwanafunzi, nazo zinahitaji kuangaliwa kwa uangalifu huo huo.

Silinda na Mche

Kiswahili kina majina mawili kwa umbo hili. La kwanza ni silinda, lililoingia kutoka Kiingereza. Kiingereza nacho kililipata katika Kilatini, na Kilatini katika Kigiriki, ambako neno hilo linatokana na kitenzi chenye maana ya kubingiria au kubingirisha. Kwa hiyo Wagiriki walilitaja umbo kwa tabia ya ubavu wake: likilazwa chini na kusukumwa, hubingirika. Jina hilo lina manufaa pale mtu anapotaka kupata eneo la ubavu, kwa maana silinda ikibingirika mzunguko mmoja kamili huacha chini alama ya mstatili, ambao upande wake mmoja ni mzingo wa duara na upande wa pili ni urefu wa silinda. Kuhusu ujazo, hata hivyo, jina hilo halisemi lolote.

Jina la pili, mche duara, lilitazama mahali pengine. Katika istilahi za hisabati mche ni jina la jamii nzima ya maumbo: kuna mche mstatili, kuna mche wa pembe tatu, na kuna mche duara. Neno mche katika lugha ya kila siku ni mmea mchanga, na pia hutajwa katika mche wa sabuni, yaani ule mkate mrefu wa sabuni ambao mwenye duka huukata vipande. Haidaiwi hapa kwamba jina la umbo lilitoka dukani. Linalodaiwa ni kwamba msemaji wa Kiswahili asikiapo mche wa sabuni hupata picha ambayo mwalimu wa hisabati angeitafuta kwa taabu kama lugha isingempa.

Picha hiyo ni hii. Mche wa sabuni ukikatwa mahali popote, kwa kisu kilichonyoka, uso unaojitokeza huwa ni ule ule. Ukikatwa karibu na ncha ni mraba. Ukikatwa katikati ni mraba uo huo, bila kupungua wala kuongezeka. Hii ndiyo sifa inayoifanya miche yote kuwa jamii moja, na ndiyo sifa inayoitenga na pia, ambayo kila ikikatwa karibu zaidi na ncha yake uso wake hupungua. Tuseme uso wa mche wa sabuni una upana wa sentimita 5 kila upande. Kipande chenye unene wa sentimita 1 kitakuwa na sentimita 25 za ujazo. Ikiwa mche mzima una urefu wa sentimita 40, vipande vitakuwa 40, na ujazo wa mche wote utakuwa sentimita 1,000 za ujazo. Mwanafunzi aliyekwisha kuuona mche ukikatwa hahitaji kukaririshwa kwamba ujazo ni eneo la uso mara urefu. Amekwisha kuihesabu kanuni hiyo kwa macho.

Baada ya hapo neno duara huongeza jambo moja tu: uso unaokatwa ni wa mviringo. Hoja ya vipande haibadiliki. Hivyo jina lenye sehemu mbili huigawa kazi ya mwanafunzi katika sehemu mbili vilevile. Sehemu ya duara humwagiza atafute eneo la duara, na sehemu ya mche humwagiza alizidishe eneo hilo kwa urefu. Ni vigumu kupata istilahi iliyo karibu zaidi na kanuni yake.

Eneo la Kitako

Eneo linatokana na kitenzi enea. Ni kile kinachoenea juu ya uso. Kitako ni mahali ambapo kitu hukalia, kama tusemavyo kukaa kitako. Eneo la kitako ni kiasi cha uso kinachoenea chini ya umbo lililosimama.

Kulipata eneo la duara ndipo ugumu ulipo, kwa sababu viraba vya sentimita moja moja havilijazi duara pasipo kubaki vipande visivyo kamili ukingoni. Hapa mfano wa mkate wa sinia unaweza kusaidia. Mkate huo ni wa mviringo, nao hukatwa kutoka katikati kwenda ukingoni. Vipande vyake vikipangwa kwa kupishana, kimoja ncha juu na kingine ncha chini, hufanya umbo linalokaribia mstatili, na kila vipande vikizidi kuwa vyembamba ndivyo umbo hilo linavyozidi kuukaribia mstatili. Upande mmoja wa mstatili huo ni nusu ya mzingo wa mkate; upande wa pili ni umbali kutoka katikati hadi ukingoni. Kwa kuwa mzingo ni pai mara kipenyo, nusu ya mzingo ni pai mara nusu kipenyo. Eneo lote basi ni pai mara nusu kipenyo mara nusu kipenyo.

Kipenyo na Nusu Yake

Kipenyo kimetokana na penya: ni mstari unaopenya duara kutoka ukingo mmoja hadi wa pili kwa kupitia katikati. Umbali kutoka katikati hadi ukingoni huitwa nusu kipenyo. Mtu aliyezoea Kiingereza anaweza kuona kwamba jina hili ni pungufu, kwa kuwa Kiingereza kina neno pekee kwa umbali huo, ambapo Kiswahili kimeridhika kuutaja kwa kuutegemeza kwenye kitu kingine. Lakini katika darasa upungufu huo ni faida. Kosa lililo la kawaida mno katika hesabu hizi ni mwanafunzi kupewa kipenyo na kukitumia moja kwa moja katika kanuni. Jina nusu kipenyo humkumbusha kazi anayotakiwa kuifanya kwanza.

Chukua mkebe wenye kipenyo cha sentimita 14 na kimo cha sentimita 20, na pai ichukuliwe kuwa 22/7. Nusu kipenyo ni sentimita 7, mraba wake ni 49, na eneo la kitako ni sentimita 154 za mraba. Ujazo ni 154 mara 20, yaani sentimita 3,080 za ujazo, au lita tatu na kitu kidogo. Mwanafunzi aliyesahau kugawa kipenyo atapata sentimita 12,320 za ujazo, yaani mara nne ya jibu la haki.

Hata hivyo istilahi hii ina mtego. Kanuni ikisemwa kwa maneno, husemwa mraba wa nusu kipenyo. Mwanafunzi asiye makini huweza kusikia nusu ya mraba wa kipenyo, kwa maana maneno ni yale yale na kilichobadilika ni mpangilio tu. Kwa mkebe uliotajwa, nusu ya mraba wa kipenyo ni 98 badala ya 49, na ujazo unakuwa sentimita 6,160 za ujazo, yaani mara mbili ya jibu la haki. Kosa hili ni la sintaksia kabla ya kuwa la hisabati. Neno nusu linaungana na kipenyo kuwa jina moja, nalo halina budi kutamkwa na kufundishwa kama jina moja. Ndiyo maana yafaa mwalimu akitenge kitendo kimoja na kingine: kwanza igawe namba, ndipo uizidishe kwa yenyewe.

Kimo, Urefu, Kina na Unene

Istilahi inayoleta utata mkubwa zaidi ni kimo. Katika Kiswahili cha kawaida kimo ni cha kitu kilichosimama: mtu, mti, nyumba. Mkebe uliowekwa mezani una kimo. Lakini bomba lililolala chini halina kimo katika fikira ya msemaji, lina urefu. Kisima cha mviringo hakina kimo wala urefu, kina kina. Sarafu nayo ni mche duara, lakini hakuna asemaye kimo cha sarafu. Husemwa unene wake. Lugha imetoa majina manne kwa kipimo ambacho katika hisabati ni kimoja, nayo imeyagawa kwa kuangalia namna kitu kilivyokaa na jinsi mtu anavyokitazama.

Utajiri huu wa lugha humtatiza mwanafunzi aliyefundishwa kwamba ujazo ni eneo la kitako mara kimo. Akipewa gogo lililolala, huenda akatafuta kitako upande wa chini, mahali gogo lilipogusana na ardhi, na akakichukua kipenyo kuwa kimo kwa kuwa ndicho kinachoelekea juu. Akipewa kisima, hakioni kitu cha kupima, maana kisima ni uwazi. Tiba si kuyafuta maneno manne na kulazimisha moja. Tiba ni kumpa mwanafunzi maana iliyo juu ya maneno yote manne: kipimo kinachotakiwa ni umbali ulionyoka kati ya nyuso mbili za duara. Kwa mkebe umbali huo huitwa kimo, kwa bomba urefu, kwa kisima kina, na kwa sarafu unene. Aliyeelewa hivyo ataweza kuhesabu udongo utakaotolewa katika kisima chenye kipenyo cha mita 1.4 na kina cha mita 10. Eneo la mdomo wake ni mita 1.54 za mraba, na udongo ni mita 15.4 za ujazo.

Ujazo na Kibaba

Ujazo unatokana na jaza, kama ilivyo katika methali isemayo haba na haba hujaza kibaba. Asili hii hulifanya neno liwe wazi kwa vyombo, ambavyo hujazwa, na lisiwe wazi kwa vitu vigumu ambavyo havijazwi. Gogo halijazwi kitu, nalo lina ujazo. Katika gogo, ujazo ni nafasi ambayo kitu chenyewe kimeijaza. Katika mtungi, ni nafasi ambayo kitu kingine kinaweza kuijaza. Chombo chenye kuta nene kina ujazo wa namna zote mbili, nazo hazilingani. Bomba la saruji likipimwa kipenyo kwa nje halitatoa kiasi cha maji yanayopita ndani yake. Mwalimu hana budi kuuliza kila mara: ni nini kilichojaza, na kimejaza wapi?

Biashara ya nafaka ilikwisha kuhitaji utambuzi wa namna hii kabla ya shule. Katika vipimo vya pwani vibaba vinne vilikuwa pishi moja, na wasemaji walitenga kibaba cha mfuto na kibaba cha tele. Kibaba cha mfuto ni kile kilichosawazishwa ukingoni. Kibaba cha tele ni kile kilichorundikwa mpaka nafaka ikafanya kilele. Kwa lugha ya hisabati, kanuni ya mche duara hutoa mfuto peke yake. Ile ziada ya tele ina umbo la pia, nayo ina kanuni yake. Maneno haya mawili yangestahili kuwamo katika kila somo la ujazo, kwa kuwa yanaonyesha mpaka wa kanuni.

Katika masoko ya Kenya kazi ya kibaba imechukuliwa na gorogoro, ule mkebe wa bati upimiao mahindi na maharagwe. Gorogoro ni mche duara, na anayenunua kwa gorogoro ananunua ujazo, ajue asijue. Mkebe ambao kitako chake kimebonyezwa kuelekea ndani umepunguziwa ujazo ingawa kimo chake kwa nje hakikubadilika. Na mkebe mwembamba zaidi hudanganya kuliko mkebe mfupi zaidi. Kimo cha mkebe uliotajwa hapo juu kikipunguzwa kwa sehemu moja ya kumi, kutoka sentimita 20 hadi 18, ujazo hushuka hadi 2,772, yaani hupungua kwa sehemu moja ya kumi vilevile. Lakini kipenyo kikipunguzwa kwa sehemu moja ya kumi, kutoka sentimita 14 hadi 12.6, ujazo hushuka hadi karibu 2,495, yaani hupungua kwa asilimia 19. Sababu ni kwamba kimo huingia katika kanuni mara moja, ilhali nusu kipenyo huingia mara mbili. Jicho la mnunuzi huona upungufu wa kimo upesi. Upungufu wa kipenyo huona kwa shida, nao ndio unaomgharimu zaidi. Mtoto anayejua kanuni hii kwa lugha ya sokoni anaweza kumsaidia mzazi wake siku iyo hiyo.

Kanuni Iliyosemwa kwa Maneno

Wako wanaodhani kwamba kanuni ni alama tupu, na kwa hiyo lugha ya darasa haina uzito. Historia ya umbo hili haikubaliani na dhana hiyo. Katika mafunjo ya Rhind, yaliyohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Uingereza mjini London, mwandishi Ahmes wa Misri alinakili, mwaka 1550 hivi kabla ya Kristo, hesabu ya ghala la nafaka lenye umbo la mche duara. Kipenyo chake ni dhiraa 9 na kimo chake ni dhiraa 10. Mwanafunzi anaagizwa kwa maneno atoe sehemu moja ya tisa ya kipenyo, abakiwe na 8. Azidishe 8 kwa 8, apate 64. Kisha azidishe kwa 10, apate 640. Hakuna pai wala alama ya aina yoyote. Jibu linalopatikana kwa pai ni 636 na kitu kidogo, kwa hiyo njia ya Ahmes imekosea kwa chini ya asilimia moja. Kwa mkebe wetu njia hiyo ingetoa sentimita 3,097 za ujazo, ikilinganishwa na 3,080.

Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa hapa. La kwanza ni kwamba hesabu hii, iliyo ya kale sana, ilifanyika Afrika, kwa lugha ya Kiafrika, na kwa haja ya kujua nafaka inayoingia ghalani. La pili ni kwamba sura yake ni ya agizo linalosemwa: toa, zidisha, kisha zidisha tena. Kanuni ya leo inaweza kusemwa kwa Kiswahili kwa sura hiyo hiyo: gawa kipenyo kwa mbili, zidisha ulichopata kwa chenyewe, zidisha kwa pai, upate eneo la uso, kisha zidisha kwa umbali ulio kati ya nyuso mbili. Alama zilizofupishwa huja baadaye, nazo huwa fupisho la kitu kilichokwisha kueleweka.

Hitimisho

Uchunguzi huu mfupi umeonyesha kwamba istilahi za ujazo katika Kiswahili hazilingani katika manufaa yake. Mche duara na nusu kipenyo zimebeba hoja. Kimo ni finyu kuliko dhana inayotakiwa kuitaja, na ujazo umeunganisha dhana mbili. Kazi ya mtaalamu wa lugha haimaliziki katika kuorodhesha istilahi na kuzisanifisha; yampasa pia aonyeshe ni wapi istilahi inamwongoza mwanafunzi na ni wapi inamwacha njiani.

Kwa upande wa Kenya, hakuna haja ya kungoja sera mpya ya lugha ya kufundishia ili hatua ya kwanza ichukuliwe. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha jina mche duara anaweza kuuleta darasani mche wa sabuni na kisu, na kuuliza kwa nini jina lina sehemu mbili. Mwalimu wa hisabati anayefundisha kanuni anaweza kuleta gorogoro mbili zisizolingana na kuuliza ipi ina mahindi mengi. Siku walimu hawa wawili watakapokubaliana kufanya hivyo katika wiki moja, jina na hesabu vitakutana katika kichwa cha mtoto mmoja.